Kifua cha Chonjo

Asubuhi ile Chonjo hakudai chakula. Ndicho kilichomtia shaka fundi cherehani, kwa maana paka wake huyo wa madoa alikuwa mlafi asiye na haya. Leo alikaa tu juu ya marobota ya vitambaa, akimkodolea macho bila kupepesa.

"Labda amekula panya aliyekula sumu," alisema mdogo wake, aliyekuwa akitia vifungo kwenye shati la mteja. "Hebu mpime, dada."

Fundi alijua kumpima. Daktari wa mifugo alishamfundisha. Akamlaza mezani, kando ya cherehani. Masikio yalikuwa ya baridi kama bomba la maji. Akainua mdomo wa juu: ufizi ulikuwa mweupe kama chaki. Akaivuta ngozi ya shingo. Badala ya kurudi upesi, ilibaki imesimama kama pindo. Na pumzi, astaghfiru, ilinuka udongo mbichi wa shimo lililochimbwa muda si mrefu.

"Mshike vizuri," alinong'ona, akainama na kutega sikio kifuani.

Hakusikia moyo. Alisikia, mbali sana, kama kutoka chini ya kisima, paka akilia; na kilio kile alikijua, kilikuwa cha Chonjo mwenyewe akiomba afunguliwe mlango, huku huyu aliye mezani amefumba kinywa, ametulia tuli, na mkia wake unajiviringisha polepole kwenye kiwiko cha fundi, ukikaza, ukizidi kukaza.

"Dada, umesikia nini?"

"Usimwachie. Wala usimtazame machoni."

Akapapasa simu kwa mkono mwingine, akampigia mganga wa mtaa wa pili, mama mmoja mnene mwenye kikohozi. Mganga alifika anahema, akamtupia paka jicho moja tu.

"Huyu haumwi. Amevaliwa," alisema chinichini. "Nitamtoa huyo jini, ila akitoka atatafuta nyumba nyingine. Mtaitwa. Hata mkiitwa na nani, msiitike. Anayeitika amemkaribisha."

Akafukiza mizizi, akaanza kusoma. Cherehani ikajiwasha, sindano ikawa inapanda na kushuka ikishona hewa, madirisha yakagongana, moshi ukageuka kurudi ulikotoka, na paka akakakamaa kama ubao, akatapika maji meusi yaliyotambaa mezani, yakadondoka sakafuni, yakaingia chini ya mlango wa chumbani kana kwamba yanajua njia.

Kimya.

Kisha, kutoka chumbani, sauti ya mwanamke, laini kama pamba: "Mwanangu."

Fundi aliuma midomo. Ilikuwa sauti ya mama yao, aliyefariki mdogo wake akiwa bado ananyonya. Akanyoosha mkono amzibe mdogo wake kinywa, lakini binti yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitwa hivyo, alikwisha kugeuka, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, njoo."

"Abee, mama."

Mezani, Chonjo akapepesa macho, akalia kwa njaa. Mdogo mtu akatulia, akatabasamu taratibu.

Mganga alimshika fundi mkono, akamvuta kuelekea nje.

"Siwezi kumwacha mdogo wangu!"

"Hujamwacha," mganga alisema bila kugeuka nyuma. "Huyo siye."