Dole la Mwalimu Marieta

Kabati la Mwalimu Marieta halikuvunjwa. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, ufunguo ulining'inia shingoni mwake kwenye kamba moja na rozari, na ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa sanduku dogo la bati lililotunza hati ya shamba.

Kwa wizi huo, dada wa kazi alikuwa mahabusu siku ya tatu.

Inspekta Gaudensia Burito alizikuta habari hizo Jumatano asubuhi, aliporudi Bunda kutoka Musoma alikokuwa akitoa ushahidi mahakamani. Alisoma jalada akiwa amesimama. Halikumchukua muda, lilikuwa na karatasi mbili.

"Felisiani, nani alimkamata huyu Skolastika?"

"Mimi, afande," alisema Koplo Felisiani. "Mtoto wa yule bibi alilalamika. Magige, anauzaga dagaa Mwigobero, kule Musoma. Na bibi mwenyewe alimtaja."

"Ulipekua chumba chake?"

"Nilipekua."

"Ukakuta nini?"

"Nguo, afande. Na daftari."

"Sanduku?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umemfunga siku tatu kwa kumiliki nguo."

Felisiani aliangalia viatu vyake. Inspekta alichukua funguo za gari.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa Nyasura, ya matofali ya kuchoma, na ua uliofagiliwa Jumatatu na haujaguswa tena. Magige aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mchangamfu, simu mbili mkononi.

"Karibu afande. Mama yupo, ila usimchoshe. Si unajua uzee."

Mwalimu Marieta alikuwa sebuleni. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na watu wazima wa mtaa huo bado walimwamkia kwa kusimama wima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Burito, mwalimu. Wa Kibara."

"Ooh. Kaa." Kisha, inspekta alipokaa, "Wewe mtoto wa nani?"

Inspekta alijibu tena, kwa sauti ileile. Macho yake yalikuwa yanasoma ukuta. Ukuta mzima ulikuwa na vikaratasi vilivyobandikwa kwa gundi, vyenye herufi kubwa za kalamu nene. MWALIMU, DAWA YA ASUBUHI UMESHAMEZA. CHOO NI MLANGO WA BLUU. UKIONA SUFURIA INAUNGUA NIITE, SITAGOMBA.

"Nani ameandika hivi?"

"Yule mwizi," alisema Magige. "Anajifanya mwema."

"Sijakuuliza wewe. Mwalimu, sanduku lako la bati liko wapi?"

"Skola amechukua."

"Ulimwona?"

"Nilimwona." Bibi alikunja uso. "Magige alinieleza jinsi nilivyomwona."

Magige alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Inspekta alirudi kituoni moja kwa moja, akaamuru Skolastika aletwe ofisini, apewe chai na chapati kabla ya swali lolote. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, aliyekaa pembeni kabisa ya kiti kama anayetegemea kufukuzwa.

"Hili daftari ni lako?"

"Langu, afande."

"La nini?"

"La mwalimu. Alipoanza kusahausahau nikawa naandika. Nilisikia kwenye redio daktari akisema ukiona hivyo andika, halafu mpeleke hospitali mapema, kuna mengine yanatibika."

"Lini hiyo?"

"Mwaka juzi, mwezi wa sita."

Inspekta alifungua. Mwandiko ulikuwa wa darasa la saba, mistari imenyooka. *Leo ameweka simu kwenye unga. Leo ameniita kwa jina la marehemu dada yake. Leo amepotea akitoka kanisani, njia aliyopita miaka arobaini. Leo amelia, anasema anajua kuna kitu kinamtoka kichwani.*

Mstari huo wa mwisho aliusoma mara mbili.

"Ulimwonyesha nani?"

"Kaka Magige. Mara tatu. Nilimwambia, kaka, tumpeleke mama akapimwe. Akasema wazee wote wanakuwaga hivyo. Mara ya mwisho alikasirika, akaniuliza nani kaniajiri niwe daktari."

"Mara ya mwisho ni lini?"

"Wiki iliyopita. Dada Flora, binti wa mwalimu, alipiga simu kutoka Mwanza, kwamba Jumamosi hii anakuja kumchukua mama ampeleke hospitali. Kaka akalitaka daftari. Nikakataa kumpa."

"Na Jumatatu ukakamatwa."

"Ndiyo, afande."

Inspekta aliendelea kufunua kurasa. Akasimama kwenye mmoja, wa mwezi uliopita.

*Jumanne. Kaka Magige amemtoa mama toka asubuhi, amesema wanaenda kupima macho. Mama amerudi na dole gumba jeusi. Anasema amepiga kura. Nimemwambia hakuna uchaguzi, amenigombeza. Nimemsugua kwa limau, wino haukutoka.*

"Huyo Magige alisemaje kuhusu kura?"

"Alicheka sana. Aliwasimulia mpaka majirani. Na mimi nilicheka kidogo," alisema Skolastika, akainamisha kichwa. "Mungu anisamehe."

Inspekta hakucheka. Wino wa kura hupakwa kidole kidogo. Dole gumba hutiwa wino mtu anapowekeshwa sahihi kwenye karatasi.

"Felisiani! Gari. Tunaenda Butiama, kwenye hilo shamba."

Shamba la Mwalimu Marieta lilikuwa upande wa Buhemba, mahali ambapo mtu akichimba choo majirani huja kutazama kama udongo una rangi ya dhahabu. Vigingi vipya vilikuwa vimepigwa kulizunguka. Kimoja kilisimama hatua mbili tu kutoka kwenye kaburi lenye vigae vyeupe.

Mtendaji wa kijiji, Boniphace, alitoa faili bila kubishana. Mkataba wa mauzo ulikuwa na mihuri yote. Kwenye nafasi ya muuzaji palikuwa na dole gumba, jeusi, limekolea.

"Huyu muuzaji ulimfahamu?" aliuliza inspekta.

"Sana. Mwalimu Marieta. Alinifundisha kusoma."

"Alikufundisha kusoma. Na alipofika hapa akaweka dole, hukushangaa?"

Boniphace alijikuna shingo. "Tulimpa kalamu, afande. Akaishika, akaiangalia, akairudisha mezani. Magige akasema mkono wake unatetemekaga."

"Mlimuuliza kama anauza kwa hiari?"

"Tulimuuliza. Akasema tumngoje mume wake, yuko nje anafunga ng'ombe."

"Mume wake yuko wapi?"

Mtendaji aligeukia dirisha.

"Nimekuuliza. Yuko wapi?"

"Alifariki, afande. Miaka kumi na moja sasa. Kaburi liko palepale shambani."

"Ulikwenda msibani?"

"Nilibeba jeneza."

"Ukapiga muhuri."

"Tulidhani ni utani wa wazee. Tukacheka, tukaendelea."

"Kila ninayemhoji kwenye kesi hii alicheka," alisema Inspekta Gaudensia. "Nipe hilo faili. Na wewe kesho saa mbili uwe kituoni kwangu, na usije na utani."

Alasiri hiyo walikuwa Mwigobero na hati ya upekuzi. Stoo ya Magige ilijaa magunia ya dagaa hadi darini. Felisiani aliyahamisha yote peke yake. Inspekta hakumtafutia msaidizi. Chini ya gunia la mwisho, karibu na ukuta, kulikuwa na sanduku dogo la bati. Hati ilikuwa ndani. Mtaalamu wa alama za vidole alikuta alama za watu wawili tu kwenye mfuniko: za Mwalimu Marieta na za mwanawe.

Magige aliletwa Alhamisi asubuhi. Safari hii hakuwa na simu.

"Nani alichukua sanduku?"

"Si nilishasema, Skola."

"Skola ana ufunguo wa stoo yako?"

Magige aliikodolea meza macho.

"Nani mwenye ufunguo?"

"Mimi."

"Nani alifungua kabati?"

"Afande, ile ni mali ya familia. Mimi ndiye mtoto wa kiume."

"Nimekuuliza kabati."

"Mimi. Mama alikuwa amelala mchana."

"Shamba uliliuza kwa nini?"

"Nilitaka karasha. Ya kusagia mawe ya dhahabu. Wenzangu wote Buhemba wananyanyuka, mimi nanuka dagaa."

"Ulijua mama yako hajui alichokuwa anafanya siku ile?"

"Mama alikubali kwa kichwa chake."

Inspekta alisukuma daftari mbele yake. "Soma. Kwa sauti."

Alisoma mistari mitatu. Kwenye ule wa mama kulia, alilifunga daftari.

"Ulionyeshwa hili mara tatu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukumpeleka hospitali?"

Magige alijifuta uso kwa kiganja. "Daktari angeandika."

"Angeandika nini?"

"Kwamba anaumwa. Kwamba ni tangu mwaka juzi. Mkataba ungekufa palepale. Niliposikia Flora anakuja, nikaona hati ikiibiwa na msichana, na msichana akifungwa, hakuna wa kuuliza shamba wala daftari. Nani angemsikiliza dada wa kazi?"

"Kwa hiyo ulitaka mama yako asahau, ila isijulikane kwamba anasahau."

Magige aliweka sahihi kwenye maelezo ya onyo kurasa zote. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Mwandiko alifundishwa na mama yake.

Flora hakusubiri Jumamosi. Alifika mchana huo, amemshika mama yake mkono, akilia tangu getini.

"Wewe ulijua lini?" inspekta alimuuliza.

"Nilikuwa mbali, afande."

"Sijauliza umbali."

"Mama alikuwa ananipigiaga simu mara sita kwa siku," alisema Flora taratibu. "Anauliza jambo lilelile. Nikaanza... nikawa sipokei zote."

Inspekta alimwacha na jibu lake. Alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu. Felisiani alikuwa amesimama hapo, nguo za Skolastika zimekunjwa mikononi mwake.

"Dada Skola, naomba unisamehe," alisema. Alikuwa ameambiwa aseme, lakini ilionekana anamaanisha.

Mwalimu Marieta alipomwona Skolastika akija, alinyoosha shingo. "Wewe ulikuwa wapi? Toka asubuhi sijanywa chai."

Skolastika alisimama katikati ya chumba. "Nilikuwa hapa karibu, mwalimu."

"Twende nyumbani, Skola mdogo wangu," Flora alisema. "Tafadhali. Twende tukapumzike."

"Nyumbani siendi, dada."

"Jamani, Skola..."

"Siendi. Mwaka mmoja na miezi tisa nimesema hospitali. Kwanza hospitali. Nyumbani baadaye."

Inspekta Gaudensia alitoa bahasha kwenye droo. Daftari lenyewe lingebaki kama kielelezo cha mahakamani, lakini asubuhi alikuwa amelitolea nakala, ukurasa kwa ukurasa.

Flora alinyoosha mkono kuipokea. Inspekta akampita, akaiweka mikononi mwa Skolastika.

"Daktari atauliza lilianza lini," alisema. "Hapa ndani mwenye jibu ni mmoja tu."