Ni Fundi wa Mashine Tu

Walishika diski moja kwa wakati mmoja, Edah Nelima na kijana asiyemfahamu, na hakuna aliyekubali kuachilia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa 2005, na soko la Kitale lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Wauza kabichi walizozana na wenye mikokoteni, na spika ya duka la mbegu ilipiga kelele kana kwamba mahindi yana masikio. Edah alikuwa amevaa blauzi ya manjano na sketi ya jinzi iliyomkaa vizuri, nywele kazisuka mistari hadi kisogoni. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, ndani ya fulana nyekundu iliyochujuka. Edah aliyaona meno yake mapema kwa sababu jamaa alikuwa anacheka.

"Achilia, bana. Nimeshika kwanza."

"Umeshika pembe tu. Mimi nimeshika katikati."

"Diski ni mviringo. Pembe umetoa wapi?"

Muuzaji aliwatazama akitafuna muwa. "Imebaki hiyo moja. Si mnunue pamoja mkaangalie pamoja? Hata mnafaana."

Edah alihisi mashavu yakipata moto. "Mimi naitaka ya kazi."

"Hata mimi. Kwani ni kazi gani inataka katuni?"

"Natafsiri filamu. Kwa Gicheru, ile nyumba ya video karibu na stendi."

Kijana aliachilia diski kama iliyomchoma. "Ni wewe? Manze, mimi hupita hapo nje nasikia watu kumi wakiongea, nikadhani Gicheru ameandika ukoo mzima!"

Jina lake lilikuwa Bethwel Kiplimo. Alikuwa na chumba cha mabati mtaani Matisi, chenye televisheni nne ambapo vijana walilipa kucheza gemu. Filamu hiyo ya katuni, Mnara wa Radi, ilikuwa imetengenezwa kutokana na gemu ambayo yeye alikuwa ameimaliza mara zisizo na hesabu. Wateja wake hawakuwa wakizungumza jambo lingine.

"Sikia," alisema. "Wewe unajua kuongea, mimi najua hadithi. Kuja Matisi kesho ukitoka kanisa, tuiangalie kwangu. Mlango utakuwa wazi, usiogope."

"Nani amesema naogopa?"

Kesho yake alikwenda, amevaa gauni la maua la kanisani. Walikaa kwenye fomu, benchi refu la mbao, chupa mbili za soda miguuni, watoto wa jirani wakichungulia dirishani. Filamu ilikuwa ya Zuna, binti wa mfua vyuma. Kila mwana wa kiume wa nyumba ile alipewa upanga wenye muhuri wa ukoo. Zuna alipoomba wake, baba alimwambia yeye ni jivu la tanuri, hafuliki. Basi Zuna akaupanda mnara, akapigana na kila kilichokuwa ndani, akarudi na taji la radi. Baba alipoliona lile taji akalia machozi, akamkumbatia. Mwisho.

"Wameharibu!" Bethwel aliruka. "Kwa gemu sio hivyo. Ukimaliza, Zuna anafika juu, anaangalia kijiji chao, halafu anaenda zake. Taji anaiacha hapo hapo. Hakuna mambo ya baba kulia."

Edah aligeukia skrini tena. "Kwa hivyo hapa," alisema polepole, "angeanguka njiani, babake hangemkumbatia."

"Si ndio hiyo."

Hapo ndipo alipomweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote wa Kitale. Baba yake, Mwalimu Wakoli, alikuwa mwalimu mkuu nje kidogo ya mji wa Bungoma, na mzee wa kanisa. Wageni walipokuja nyumbani aliwapanga watoto wake sebuleni na kuwataja mmoja mmoja. Huyu Wamalwa, yuko benki. Huyu Fridah, ni nesi. Akifika kwa Edah alikohoa kidogo. "Na huyu ni Edah. Huyu bado."

"Bado nini?" Bethwel aliuliza.

"Hajawahi kumaliza hiyo sentensi."

Alikuwa amepelekwa chuo cha ualimu, akakiacha katikati. Nyumbani walidhani sasa ni karani katika ofisi fulani Kitale. Uongo huo aliutunga mwenyewe siku moja kwenye simu, na tangu hapo alikuwa akiulisha ili usife.

Bethwel alicheka, lakini si kwa kumcheka yeye. "Mzee wangu ako Kaptama, huko mlimani. Kila Krismasi ananiuliza, 'Kiplimo, umemaliza kucheza?' Ameniwekea shamba na ng'ombe. Anafikiria nikichoka na hizi televisheni nitapanda huko nichukue hilo shamba."

"Na utapanda?"

"Sijachoka."

Mapenzi yalianzia kwenye fomu ile. Hayakuwa na haraka, ila hayakulala. Bethwel alikuwa akipiga simu asubuhi Edah akipiga mswaki.

"Uko wapi, Bado wangu?"

"Usiniite hivyo!"

"Basi nikuite nani? Asali? Asali imejaa Kitale hii. Bado ni mmoja."

"Wewe, nitakukatia simu."

"Kata. Nitapiga tena."

Hakukata.

Siku ya kuonyesha Mnara wa Radi, nyumba ya Gicheru ilijaa hadi watu wakakaa chini. Edah alishika maikrofoni, Bethwel akiwa kando yake kwenye deki. Alimfanya Zuna aongee kama msichana wa Matisi asiyetishwa na mtu. Mfua vyuma alimpa sauti nzito ya mwalimu mkuu wa Bungoma, lafudhi na yote. "Zuna! Wewe ni jivu! Nimesema, na sitaki kuludia mala mbili!" Watu walicheka wakagonga viti. Bethwel alimtazama akajua kuwa mapenzi yamemfika.

Habari zikasafiri. Vijana wa kanisa moja la Bungoma wakamwomba Gicheru awaletee filamu ile ukumbini kwao, Jumapili alasiri. Edah aliposikia jina la kanisa, soda ilimpalia. Lilikuwa kanisa la baba yake. Alimpigia mama yake, akaambiwa Mwalimu atakuwa kwenye mazishi Ndalu siku hiyo. Akavuta pumzi, akakubali.

Mazishi ya Ndalu yaliisha mapema. Edah alikuwa ameshika maikrofoni anaijaribu, Bethwel amepiga magoti anaunganisha nyaya, mwalimu mkuu alipoingia mlangoni na koti lake la kijivu, akifuatana na rafiki yake Mzee Mukhisa.

"Edah?"

Maikrofoni ilishuka yenyewe. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kwani hauko kazini? Unafanya nini na hiyo kitu?"

"Ni... ofisi imetutuma. Tunasaidia tu vijana."

Mwalimu alimtazama Bethwel kuanzia viatu vyenye matope hadi kichwani. "Na huyu?"

Bethwel alisimama, akapangusa mkono kwenye suruali, akaunyoosha ili asalimie. Tabasamu lake lilikuwa tayari.

"Huyu?" Edah alisema. "Ni fundi wa mashine tu."

Mkono wa Bethwel ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. "Shikamoo, Mzee," alisema, akarudi kwenye nyaya zake.

Filamu ilianza. Edah alikuwa ameketi mstari wa mbele kando ya baba yake, mikono juu ya mapaja kama msichana wa shule ya Jumapili. Zuna aliongea Kiingereza cha puani ambacho nusu ya ukumbi haikukielewa. Watoto waligeuka kumtafuta mwenye sauti. Bethwel alimwinulia maikrofoni mara moja, akaingoja. Edah alitazama sakafu. Kabla ya mnara kupandwa, watu walikuwa wameanza kutoka. Ilipokwisha, Bethwel alifungasha mashine, akaondoka kwenda Kitale bila kugeuka.

Simu yake ilizimwa. Edah alipompigia, yule mwanamke wa kwenye mtandao alimjibu kwa upole uleule kwamba mteja hapatikani. Alikwenda Matisi akiwa amevaa kitenge ambacho Bethwel alikuwa akikipenda. Chumba cha mabati kilikuwa na kufuli. Jepkoech, mama wa kibanda cha chai mkabala, alimwonea huruma.

"Alipanda nyumbani, dada. Alisema anaenda kuona ng'ombe."

Edah aliketi kwenye kibanda cha Jepkoech, akalia mbele za watu, wala hakujali. Siku zilizofuata aliendelea kumpigia, hadi mchana mmoja simu ikaita, ikapokelewa. Ng'ombe alisikika nyuma.

"Fundi wa mashine anaongea," Bethwel alisema.

"Beth, tafadhali. Nisamehe. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi pia mzee wangu hunitisha. Kunikana mimi, sawa, nimemeza. Lakini wale watoto walikungoja, Edah. Walikuwa wanageuka hivi, wanatafuta sauti. Na wewe uko hapo, umefunga mdomo, umekuwa ile jivu mzee wa kwa filamu alisema."

Maneno yale yalimuuma kuliko matusi.

"Unachukua hilo shamba?" aliuliza.

"Sijui. Hapa angalau najua nitaitwa nani."

"Jumapili narudi Bungoma. Ukumbi uleule. Nimeshaomba vijana wa kanisa."

"Na babako?"

"Naanzia kwake. Kuja, Beth. Usipokuja nitafanya tu, lakini kuja."

Bethwel alisema anaitwa na babake, akakata.

Jumapili ile Edah alifika nyumbani saa sita, wazazi wakiwa wametoka ibadani. Alivaa ile blauzi ya manjano na viatu vya visigino virefu. Mama yake, Mama Fridah, alikuwa akisonga ugali. Mwalimu alikuwa sebuleni, miwani puani.

"Baba, sina kazi ya ofisi. Sijawahi kuwa nayo. Natafsiri filamu kwa nyumba ya video Kitale. Niliwadanganya, na kwa hilo naomba msamaha. Kwa kazi yenyewe siombi."

Mwalimu aliivua miwani taratibu. "Binti ya Wakoli. Kupiga kelele kwa vibanda."

"Ndiyo, Baba."

"Rudi chuo. Nitazungumza na watu. Mambo mengine tutasahau."

"Sirudi."

Jikoni mwiko ulinyamaza. Mwalimu alisimama, akatembea hadi dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelelewa na njaa, akaiacha kwa msaada wa vitabu, na hakujua njia nyingine ya kuiacha. Alipogeuka sauti yake ilikuwa imelegea kidogo.

"Basi sikia. Kama ni hiyo sauti yako, itumie vizuri. Siku utasikika redioni, siku watu wazima watanipigia simu kusema wamemsikia binti yangu, utakuja hapa, tutachinja."

Edah aliona kwamba baba yake alidhani amempa zawadi.

"Na nisiposikika?"

"Nini?"

"Nikibaki kwa Gicheru hadi nizeeke. Nikishindwa. Nitakuwa nani wako, Baba? Umenitambulisha kwa wageni miaka yote hii na hujawahi kumaliza. Leo hakuna mgeni. Malizia."

Mwalimu alifungua mdomo. Mama Fridah alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, unga kwenye vidole.

"Mujibu mutoto, Mwarimu," alisema.

Mwalimu Wakoli alichukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, kwa vile wengi walitaka kuona kama yule msichana atanyamaza tena. Edah alishika maikrofoni. Akatafuta fulana nyekundu kwenye viti, hakuiona. Akaanza hata hivyo. Alimnong'onesha Zuna, akamfanya afoke, akamchekesha. Mfua vyuma alipoongea, Bungoma nzima ilimtambua ni mwalimu gani, wakaanguka kwa vicheko. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, Bethwel akaingia, vumbi la mlimani mpaka magotini. Alisimama ukutani, mikono kifuani. Edah alimwona, akasahau neno moja, akaliruka.

Ukafika mwisho. Kwenye skrini, baba alilitazama taji, akalia, akafungua mikono. Kwa Kiingereza Zuna alisema, "Asante, Baba." Edah hakusema hivyo.

"Baba," Zuna alisema kwa Kiswahili, "chukua taji lako ulining'inize ukutani. Mimi nilikuwa binti yako kabla sijapanda. Kama hukunikumbatia nikiwa na majivu, leo usinikumbatie kwa ajili ya hiki chuma."

Mwanamke mmoja wa nyuma akapiga kigelegele, na ukumbi wote ukainuka.

Edah hakungoja waishe. Alipenya hadi ukutani, akamshika Bethwel mkono. "Umechelewa."

"Ng'ombe wa mzee walivunja ua. Umebadilisha mwisho wewe!"

"Huo wao sikuupenda. Twende nyumbani."

Mwalimu alikuwa amerudi, ameketi kwenye kiti chake, kofia bado kichwani. Edah alisimama mbele yake bila kuuachilia ule mkono.

"Baba, Jumapili ile nilikosea. Huyu si fundi. Anaitwa Bethwel Kiplimo, wa kutoka Kaptama. Ana nyumba ya gemu Matisi. Tunapendana."

"Nyumba ya gemu," Mwalimu alirudia. "Na hata si wa kwetu. Sijakubali."

"Sijakuja kuomba ukubali. Nimekuja kukujulisha, ndio usisikie kwa watu."

Mama Fridah alileta chai, akampa Bethwel kikombe cha kwanza, kile cha wageni. Mwalimu alitazama kikombe kile kikipita mbele yake. Hakuinuka. Walikunywa, wakaaga, naye akaitikia kwa kichwa, jambo dogo ambalo Edah hakulipa ukubwa lisiokuwa nao.

Walipofika Kimilili jua lilikuwa bado halijazama. Gari moja lilikuwa likiita abiria wa Kitale, lingine wa Kaptama. Bethwel alielekea la Kitale. Edah akamvuta fulana.

"Mzee wako yuko nyumbani?"

"Ako. Saa hii anakamua. Kwa nini?"

"Kama unarudi Kitale, twende kwanza ukamwambie hutachukua shamba."

Tabasamu lilimpotea Bethwel. "Edah, mzee wangu ni mkali."

"Na wangu ni nini, mandazi?"

Bethwel alicheka licha ya hofu, kisha akawa mzito. "Ngoja. Kwetu msichana hapelekwi nyumbani hivi hivi. Tukipanda huko nitamwambia nataka kukuoa. Kwanza niambie kama nitakuwa namdanganya."

"Hutakuwa unamdanganya," Edah alisema chini chini.

"Sijasikia. Na sauti ndio kazi yako."

Edah aliweka mkoba chini, akavuta pumzi. "Nimekubali!" alipaza, makonda wote wakageuka. "Naolewa na Bethwel Kiplimo!"

Mama mmoja mwenye kikapu cha kuku akauliza kwa nini mambo mazuri hivyo yanapigiwa kelele stendini, na konda wa Kaptama akasema kama ni hivyo, basi maharusi wakae mbele. Bethwel alikuwa amejaa machozi na kicheko, hajui aanze na kipi. Edah akaokota mkoba wake, akamtangulia kuingia gari la Kaptama.