Dohani Iliyozibwa

Kila asubuhi Jabez Ogden alitangulia kufika kwenye chumba chake cha kushonea mashati. Alikagua madirisha. Akiona ufa, aliuziba kwa karatasi na gundi ili joto lisipotee. Mtaa mzima pale Halifax ulimjua: mwenye mali, lakini mkono wa birika. Hata viazi alikula baridi ili asiwashe moto.

Waliomshonea walikuwa wawili: mjane Dinah Sugden na binti yake Lettice, msichana wa miaka kumi na tisa aliyependa kuimba akishona.

Mwaka ule baridi ilikuwa kali. Jabez akaziba dohani, bomba la kutolea moshi, kwa matofali. "Moto wangu unapasha mawingu," alisema. Moto wa mekoni ukazimwa, na katikati ya chumba akaweka karai la mkaa.

Enoch Farrar, jirani yake aliyefanya kazi ya kusafisha dohani, alichungulia mlangoni.

"Jabez, zibua dohani hiyo. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, unatoa sumu."

"Mbona sioni moshi?"

"Haionekani wala hainuki. Ndiyo ubaya wake. Kwanza kichwa kinauma, halafu kichefuchefu, halafu usingizi. Anayelala haamki."

"Unatafuta kazi ya kuzibua, siyo?"

Enoch alivaa kofia yake akaenda zake.

Wiki ya pili, Lettice aliacha kuimba.

"Bwana Ogden, kichwa kinanigonga. Tufungue dirisha kidogo tu."

"Kunywa maji. Dirisha halishoni mashati."

Dinah alimtazama binti yake, kisha akainamia sindano. Kazi nyingine haikuwepo.

Alhamisi moja, adhuhuri, Jabez alirudi kutoka sokoni akakuta kimya. Dinah alikuwa chini, karibu na mlango. Lettice amelaza kichwa mezani juu ya shati, mashavu mekundu kama ya mtu mwenye afya.

"Unalala kazini?" Jabez alimkaripia. Akamgusa bega. Binti akaanguka.

Jabez alipiga kelele. Enoch alikuja mbio, akavunja dirisha kwa buti, akamburuta Dinah hadi uani, kwenye hewa safi. Polepole Dinah akaanza kupumua vizuri. Lettice hakuamka.

Baada ya mazishi, Jabez alikwenda kwa Dinah akalia mbele yake.

"Nitakupa chochote unachotaka."

"Nimtake nani zaidi ya Lettice? Huyo huwezi kunirudishia. Basi usilie hapa. Mtaani kuna vyumba vingi vyenye karai kama lako. Kalilie huko."

Jabez alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Enoch.

"Nifundishe," alisema.

"Nilikufundisha."

"Sikusikia. Nifundishe tena."

Enoch aliweka chini brashi yake ya dohani. Kisha akasema, "Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, na usilale nao. Dohani isizibwe. Kichwa kikianza kuuma, usingoje. Toka nje na watu wako wote."

Walivunja matofali pamoja. Jabez aliyabeba mwenyewe, vidole vikichubuka. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akieleza aliyofundishwa. Asiyeweza kulipia dohani yake izibuliwe, alimlipia.

Watu walimfungia milango. "Muuaji," walimwita. Martha Pickles, mama wa watoto wanne, alimmwagia maji ya kufulia. Jabez alijipangusa uso. Kesho yake akabisha tena mlango uleule.

"Utakwenda hivi mpaka lini?" Enoch alimuuliza.

"Sijui. Nikiacha, nitakuwa yule yule."

Majira ya baridi yakarudi. Asubuhi moja watoto wa Martha walianza kutapika, na yeye mwenyewe kichwa kilimuuma. Akatazama karai la mkaa, akakumbuka maneno ya Jabez, ambaye yeye alimmwagia maji. Akawatoa watoto nje, wawili wawili, bila kungoja hata viatu.

Dinah ndiye aliyempelekea Jabez habari. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni.

"Watoto wa Pickles ni wazima. Wote wanne."

Jabez alimsogezea kiti.

"Sijakusamehe, Jabez Ogden."

"Sijakuomba."

"Najua." Dinah alikaza shali yake shingoni. "Mtaa wa chini hujafika bado. Chukua koti, twende."