Friji za Chuo Zisizoguswa

Asubuhi mama muuza juisi alifungua friji, akakutana na joto. Juisi yote ilikuwa imechacha. Friji hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na binti yake tangu alipofiwa na mumewe.

"Injinia," aliita. Mtaa ulimpa binti jina hilo alipohitimu ufundi wa friji chuoni. "Njoo utuokoe."

Binti alikuja na bisibisi. Akafungua nyuma, akatazama mabomba na nyaya. Akatazama weee, kisha akakaa chini.

"Mama, sijui nianzie wapi."

"Sasa chuoni ulikuwa unasoma nini?"

"Michoro ubaoni. Friji mpya zipo, lakini haturuhusiwi kuzigusa. Hata nailoni hazijavuliwa."

Mama alikuwa amejinyima mpaka basi ili mtoto asome, kumbe kazi bure. Akamwaga juisi mtaroni.

Jirani yao muuguzi, mwanachama wa shirika la kujitolea, alikuja kuuliza kulikoni. Alipoambiwa, alishika kichwa.

"Friji zile tulizitoa sisi," alisema. "Kila mwaka tunazikagua. Tukizikuta zinang'aa, tunapiga makofi tunaondoka. Mwalimu anaogopa zikikwaruzwa hatutaleta nyingine. Kumbe tulipeleka mapambo."

"Na mapambo yenu yamemponza mwanangu."

"Kweli, dada. Kusaidia chuo si kukabidhi vyombo tu. Ilitupasa tuwaulize walimu na wanafunzi wanakosa nini. Tupeleke vipuri, na mafundi wafundishe kwa vitendo. Tukikagua, tutazame mwanafunzi anaweza nini."

Maneno matamu, mama aliwaza, lakini hayapoozi juisi. Fundi wa kulipa hakummudu. Aliuza juisi ya moto, na wateja wakahamia kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara, mmoja mmoja, bila kuaga.

Shirikani walibishana sana, mwishowe wakakubali. Nailoni zikavuliwa. Mafundi wakaanza kufundisha kila Jumamosi, na waliohitimu wakaitwa warudi. Injinia alirudi kwa aibu, akakaa darasani na wanafunzi wadogo kwake.

Siku ya ukaguzi, wageni walikuta friji imefumuliwa yote sakafuni. Mwalimu akaanza kuomba radhi. Muuguzi akawaambia wanafunzi, "Irudishieni." Wakairudishia, ikawaka.

Jioni ile binti alifungua friji ya nyumbani. Hakukawia. Ikanguruma.

"Ilikuwa na nini?" mama aliuliza.

"Waya ulichomoka."

"Waya tu?"

"Waya tu, mama."

Mama alicheka kidogo, kisha akalia. Ng'ambo ya barabara wateja wake walikuwa wamepanga foleni. Alijifuta machozi, akaosha jagi moja, akaanza kumenya matunda.