Diski Aliyomfungia Otiende

Kitengela siku ya soko haina adabu. Spika za maduka zinatukanana, wauza nyanya wamekalia njia, na Syokau, ndani ya gauni jekundu alilolipiga pasi mara mbili, alipenya katikati yao amekumbatia laptopu iliyogoma kuwaka. Kazi yake yote ya diploma ilikuwa humo. Saa nane alitakiwa kuiwasilisha chuoni Kajiado, la sivyo arudie mwaka mzima.

Kwenye kibanda cha kompyuta, fundi aliinua kichwa. Mungu wangu, Otiende, yule waliyeachana.

"Ulihamia huku lini?" Syokau aliuliza.

"Karibu, customer. Shida ni gani?"

"Shida ni wewe."

"Hiyo sitengenezi. Mashine je?"

Angeondoka, lakini ilikuwa saa nne tayari.

"Inazunguka tu, haifunguki. Niligusa ruhusa za diski. Nikakataza watu wote."

"Wote ni pamoja na wewe, Syokau. Hata mashine yenyewe umeifungia nje. Ulikuwa unamzuia nani?"

"Mtu fulani anayesoma barua za wenyewe."

Otiende aliinamia mashine. Miezi mitatu nyuma, akimwekea programu, Otiende alifungua barua ya kazi ambayo Syokau alitumiwa kutoka Qatar. Alifoka mpaka majirani wa mtaa wa Noonkopir wakatoka nje. Syokau akamrudishia funguo za nyumba yake jioni hiyo hiyo.

Otiende alichomeka flashi, akaanza kurudisha ruhusa moja moja. Syokau alitazama vile vidole na kujichukia, maana bado alivipenda.

"Ukiiua hiyo kazi, Otiende, nitakuchukia mpaka kaburini."

"Si tayari unanichukia?"

"Bado niko na nafasi ya kuongeza."

Skrini ikawaka, ikaomba nywila. Otiende aligeuza kiti akatazama ukuta.

"Weka. Siangalii. Na jina langu nimelitoa kwa watumiaji, hata nikitaka siingii tena."

"Leo ndio umefunzwa adabu."

Syokau aliandika nywila; kazi yake ilikuwepo, kurasa zote. Sasa angeweza kwenda zake. Badala yake alifungua barua nyingine.

"Geuka. Hii nimekuruhusu."

Otiende alisoma taratibu. Ilikuwa jibu la Syokau kwa watu wa Qatar: asanteni, sitakuja, niko na mtu huku nyumbani. Tarehe ilikuwa siku moja kabla ya ule ugomvi.

"Kwa nini hukuniambia?" Otiende aliuliza.

"Hukuuliza. Ulisoma nusu, ukapiga kelele."

Otiende aliisogeza laptopu kando, akamtazama.

"Nilikukosea. Sasa naomba kuuliza. Utanirudia?"

"Hilo sijui. Bado nina hasira. Uliza lingine."

"Umekula?"

Syokau alitazama saa, kisha akavuta kiti kilichokuwa kando ya meza.

"Sijakula tangu jana," alisema, akakaa.