Dawa ya Kupe Kwenye Kabichi

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua, Gaudensia alishuka bustanini. Bustani yake ilikuwa bondeni, karibu na kijito, hapo kijijini Nambis. Alifanya ishara ya msalaba, kisha akashika jembe.

Mwaka huu kabichi zake zilikuwa zinasubiriwa. Binti yake Hilda alikuwa anajiandaa kupata kipaimara. Gaudensia aliwaahidi wanajumuiya kwamba mboga ya sherehe itatoka kwake.

Lakini vidukari waliingia. Walijazana chini ya majani kama unga wa kijivu. Viwavi nao walitoboa majani mpaka yakafanana na chekecheo.

"Ee Mungu, nitawalisha watu matundu?" aliuliza.

Evarist, mumewe, alicheka. "Mama Hilda, unaomba mpaka vidukari wanaitikia amina! Niachie mimi."

Jumamosi Gaudensia alikwenda kwenye sala ya jumuiya. Wakati wa kurudi alipita bondeni. Kabla hajafika, harufu kali ilimpiga puani. Aliijua. Ilikuwa harufu ya siku ya kuogesha ng'ombe. Bomba la ng'ombe lilikuwa limeegemezwa kwenye uzio, na majani ya kabichi yalikuwa na madoa meupe.

"Baba Hilda, umefanya nini?"

"Nimekumalizia vita," alisema Evarist. "Dawa hii inaua kupe mwenye ngozi ngumu. Hawa laini watapona wapi? Yamebaki matuta mawili tu, dawa imeisha."

"Kuna mtu amegusa mboga hizi?"

"Nani aguse? Labda mama. Alipita nilipomaliza kunyunyiza, akachuma ya mchana."

Gaudensia hakusikia neno la mwisho. Alikuwa ameshaanza kukimbia. Kanga ilimvuka, hakuiokota. Mlima ulikuwa mkali na pumzi zilikata. "Yesu, mshike mkono," alisema kila alipokanyaga. "Mshike mkono."

Mama mkwe wake, Bibi Fransiska, alikuwa jikoni. Bakuli la mboga lilikuwa mapajani. Tonge la ugali lilikuwa limeshachovywa, linapanda kinywani.

Katika nyumba ile, mkwe alimpa mama mkwe chakula kwa mikono miwili, amepiga goti. Gaudensia hakupiga goti. Alilipiga tonge likaruka, kisha bakuli nalo akalipiga. Mboga ikamwagika sakafuni.

"Umenipiga?" aliuliza Bibi Fransiska polepole.

"Mama, umekula?"

"Unaninyima mboga, mimi niliyemzaa mumeo?"

"Mama, kwa jina la Yesu, niambie. Umekula?"

"Bado! Ndiyo kwanza nataka kuonja! Sasa hata nikifa kwa njaa, mboga ya mkono wako sili tena."

Kelele zilimleta jirani yao, Fausta. Alikuwa amefundishwa kilimo cha mboga na kikundi cha akina mama kule Katesh.

"Shikamoo mama," alimsalimu bibi. Kisha akainama, akanusa mboga. Uso wake ukabadilika. "Mama, nawa mikono kwa sabuni. Sasa hivi. Nawa na uso."

Evarist alifika akihema. "Nyie wanawake mna mambo. Ng'ombe nawaogesha kila mara, kuna aliyekufa?"

"Ng'ombe unamwogesha ngozi, shemeji. Unamnywesha?" aliuliza Fausta. "Dawa ya kupe si ya mboga. Ukiiosha haitoki yote. Ukiipika haiishi."

Evarist alifungua mdomo kujibu. Wakati huohuo kuku mmoja alipepesuka uani. Alikuwa amedonoa majani ya nje ambayo bibi aliyatupa wakati wa kukata mboga. Alizunguka, akaanguka ubavu. Mabawa yalitetemeka, yakatulia.

Bibi Fransiska alivitazama vidole vyake. Evarist alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Mama angekuwa amekula," alisema Fausta, "tungemkimbiza hospitali na chupa ya dawa mkononi, daktari aione. Mshukuruni Mungu. Sasa kazi."

Jioni ile waling'oa kila kabichi iliyopigwa dawa. Walifunga mifuko ya plastiki mikononi. Walichimba shimo refu, mbali na kijito, wakazika kabichi zote pamoja na yule kuku. Hawakuwapa ng'ombe hata jani. Bomba lilirudi zizini, lisitoke tena.

Yalibaki matuta mawili, yenye vidukari tele.

"Twangeni vitunguu saumu viwili na pilipili kali kiganja kimoja," alisema Fausta. "Lowekeni katika lita moja ya maji hadi kesho. Chujeni kwa kitambaa, mtie kwenye ndoo ya maji ya lita kumi. Ongezeni sabuni ya kipande iliyokunwa, kijiko kimoja. Jaribuni kwanza kwenye majani machache. Yasipoungua, nyunyizeni jioni, chini ya majani, maana huko ndiko wanakojificha. Rudieni kila wiki, na kila mvua ikinyesha."

"Na viwavi?" aliuliza Gaudensia.

"Wale ni wa mkono. Okota asubuhi, wape kuku. Mayai yao yaponde kwa kidole." Fausta alimzuia ghafla. "Huyo usimwue!"

Gaudensia alikuwa amemshika mdudu mdogo mwekundu, mgongo mviringo, madoa meusi.

"Mbona nimewaua wengi?"

"Umewaua askari wako. Huyo anakula vidukari."

Evarist ndiye aliyetwanga pilipili. Alijisahau, akajifuta jicho. Alilia mpaka mama yake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu bakuli lake limwagike.

Lakini mboga ya Gaudensia, bibi alikuwa bado hataki kuila. Gaudensia aliokota viwavi kila asubuhi, akanyunyiza, akaomba. Kidogo kidogo majani mapya yalifunga, safi, bila tundu.

Siku ya kipaimara kabichi zilitosha. Hazikuzidi. Gaudensia aliziosha, akazipika, akapakua bakuli la kwanza. Alipiga goti mbele ya mama mkwe, akampa kwa mikono miwili.

Bibi Fransiska aliliangalia bakuli. Akalinusa. Kisha akalivuta kifuani, akalikumbatia kwa mkono mmoja.

"Lete ugali, Mama Hilda," alisema. "Na leo ukae mbali kidogo. Hili hulipigi."