Mkono wa Simu ya Mzee Oluka

Giza lilikuwa linainyemelea Busia shangazi Mildred alipotoka kununua mafuta ya taa. Alimwachia Athieno duka la vitu vikuukuu na kazi moja tu: kumsomea Erastus namba.

Erastus alikuwa mnunuzi wa upande wa Kenya. Alikuwa ameahidi kwamba Athieno akiitambua simu moja ya kale bila kukosea, atamwajiri dukani kwake. Athieno aliacha shule kidato cha pili. Mlango mwingine hakuwa nao.

Simu yenyewe ilikuwa mezani. Nyeusi, ya kuzungusha, nzito kama jiwe la kusagia. Waya wake ulikatwa zamani. Mjane wa Mzee Oluka, kule Rubongi, aliiuza wiki ileile ya mazishi ya mumewe.

Athieno akaegemeza simu yake ya mkononi kwenye kopo, akaweka sauti ya nje. Erastus akauliza hili na lile. Kamba ya mkono wa kusemea ni ya kitambaa? Ndiyo. Kisahani cha kuzungusha kina herufi pamoja na namba? Ndiyo. Chini pana droo ndogo? Athieno akaivuta. Ikatoka, tupu.

"Basi ni ya Mwingereza, modeli ya mia tatu thelathini na mbili," Erastus akasema. "Ila za kuigiza zimejaa, mdogo wangu. Inua ule mkono, usome ndani ya mpini. Ikiwa moja sita nne, ni yenyewe."

Athieno akauinua.

Ulikuwa na joto.

Mwanga ulikuwa hafifu. Akausogeza karibu na macho, karibu zaidi, hadi sehemu ya kusemea ikamgusa midomo. Harufu ikampanda puani... malwa. Pombe ya wimbi iliyolala. Athieno ameokoka, hajawahi kuionja.

"Moja," akasoma. "Sita..."

Fyuu.

Ilitoka ndani ya mkono ule. Fyuu... fyuu... Kama mtu anayevuta pombe kwa mrija, na chungu kinakaribia kuisha.

"Nne," akanong'ona, maana kazi ni kazi.

Kuvuta kukakoma.

"Umenipokea, mwanangu," sauti ya mzee ikasema, taratibu. "Sogea. Nafasi ipo."

Shangazi alimkuta nje, ameketi kwenye vumbi la barabara, anajifuta midomo kwa gauni. Aliposimuliwa hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: mdomo wako uliugusa mkono ule? Athieno akaitikia kwa kichwa.

Ndipo shangazi akamweleza. Mzee akifa, mrija wake wa malwa haushikwi na mtu hadi matanga yamalizwe. Unafungwa, unangoja. Anayeutia mdomoni kabla ya hapo amekubali kuketi na marehemu kwenye chungu kimoja cha pombe. Mjane aliuhifadhi mrija vizuri, juu darini. Lakini simu? Mzee Oluka aliisemea miaka arobaini, pumzi yake yote ikaingia humo, na hakuna aliyefikiri kwamba nayo ni kitu cha mdomo.

Asubuhi waliirudisha Rubongi. Mjane aliipokea. Aliifunga pamoja na mrija, katika kitambaa kimoja. Walipoaga alimtazama Athieno midomo, si macho.

Erastus alikasirika kuikosa simu, lakini namba ilikuwa sahihi, naye hakuvunja ahadi. Kazi Athieno akaipata.

Siku ya kwanza alimpigia mteja mmoja wa Kisumu kuhusu saa ya ukutani. Adhuhuri, jua kali, milango wazi, naye peke yake dukani. Alieleza kila kitu vizuri, sauti imetulia. Mteja akamkatiza.

"Binti," akasema, "mwambie huyo mzee hapo karibu yako anywe polepole. Sikusikii."